Mabakuli Mawili ya Mchuzi

Khuwair ya Kusini, Maskati

Mjukuu wangu Ruqayya,

Salamu zetu zikufike huko London kabla ya baridi. Bibi yako hajambo, ila goti. Mdogo wako kaota meno mawili, anatung'ata sote.

Umeniuliza mchuzi upi ndio wa kweli, wa Wahindi au wa Waingereza, na wenzako umewaambia babu yako atajua. Nnaona haya kukujibu, kwani nshawahi kuulizwa.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tuondoke Unguja. Nlikuwa karani wa muda kwa Mwingereza mmoja hapa Maskati, nikitamani aniajiri moja kwa moja. Mpishi wake, Mzee Kaitano, Mhindi wa Goa, alikuwa akisaga bizari kwa jiwe kila asubuhi. Siku moja bwana akaletewa bizari ya kopo kutoka kwao, akapikisha mabakuli mawili ya mchuzi, moja kwa bizari ya Kaitano, moja kwa ya kopo, akaniita mbele ya mpishi.

"Wewe wa Unguja, viungo unavijua. Upi bora?"

Wa Kaitano ulikuwa bora, hata mtoto angejua. Nikamtazama bwana usoni, nikaonyesha wa kopo.

Kaitano akanambia kwa Kiswahili alichojifunza Mombasa, "Mwanangu, ulimi wako una homa leo?"

Bwana akauliza kasema nini.

"Anakubali," nikajibu.

Jiwe likaondolewa jikoni, na kazi nikaipata. Kaitano hakuacha kuniletea chakula cha mchana. Alileta mchuzi wa kopo, akasimama mpaka nimalize, na kila siku nikimwambia ni mtamu.

Babu yako