D Niliyotaka Kuikataa

Bratislava, 14 Juni

Baba mpendwa,

Pokea salamu za mwanao. Mimi ni mzima na nakula vizuri, ingawa kahawa ya huku ni kama maji ya kusuuzia kikombe. Mgongo wako umetulia? Nisalimie Shangazi Nives, na umwambie soksi zake zimenifaa sana.

Ule mtihani wa uimara wa majengo, wa mwisho uliobaki kabla sijahitimu, niliufanya Jumatatu, katika chuo hiki nilikokuja kwa muhula mmoja. Huku hawatoi namba kama kwetu Italia, wanatoa herufi. A ndiyo ya juu, E ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Nilipata D.

Nikamwendea Profesa Hudecová nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba naikataa, nitarudia. Akavua miwani, akaniuliza mara mbili kama nimeelewa kwamba nimefaulu. Nikamweleza kuwa kwetu kufaulu huanzia kumi na nane kwa thelathini, lakini mwanafunzi huruhusiwa kukataa alama ndogo na kurudia, na kwamba baba yangu hataki kusikia chini ya ishirini na saba. Alicheka mpaka akatafuta leso. Akasema, “Binti, huku mtu nikimpa D anatimua mbio kabla sijabadili mawazo. Huyo baba ni mhandisi?” Nikasema ni kinyozi. Akauliza kama kila kichwa unachonyoa kinatoka na thelathini. Nikakumbuka kisogo cha Bwana Tullio ulichokinyoa kombo, nikacheka na mimi.

Baba, sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Mwaka jana nilikuambia mara tatu kwamba mtihani huu umeahirishwa. Haukuahirishwa. Nilifaulu mara zote tatu, kwanza ishirini na mbili, kisha ishirini na nne, kisha ishirini na tatu, na zote nikazikataa. Niliona aibu uziandike kwa sabuni pale kwenye kioo cha dukani, kama unavyoandika alama zangu zote, wateja wazisome. Wakikuuliza, “Huyo binti hamalizi tu?” wewe unanitetea, kumbe nimekudanganya. Nisamehe.

D nimeikubali. Nilipotoka pale nilijihisi mwepesi, nikala maandazi matatu nimesimama njiani. Chuo chetu cha huko nyumbani kitaigeuza iwe ishirini na mbili, ile ile niliyoikataa mwanzo.

Kama mkono wako utakuwa mzito kuiandika, niachie nafasi katikati ya kioo. Nakuja Jumamosi, nitaiandika mwenyewe.

Mwanao aliyefaulu mara nne,
Fiorenza