Nivae Miwani Mbele ya Wageni?

Mpendwa Mama Skolastika, shikamoo, ingawa huenda nimekuzidi umri. Mwenzio nimebanwa. Mimi ni daktari wa upasuaji hapa Songea, kitambi ninacho, kipara nimekizoea, na kazi yangu ni upasuaji wa matundu madogo, tunapitisha kamera tumboni nami natazama skrini, na miaka yote nimetumia skrini ya kawaida isiyoonyesha kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, hayo nayakisia kichwani huku mikono inafanya kazi, na naweza, Mama, naweza sana, watu wananifuata kutoka Tunduru na Mbinga, na nimeshajigamba wodi nzima kwamba sihitaji zaidi. Sasa tumeletewa skrini mpya, unavaa miwani na kila kitu tumboni unakiona kimekaa mahali pake, nikaicheka, nikamwambia mwenzangu Dokta Nasma, "Hiyo ni yenu, watoto wa sinema," akanijibu, "Jaribu basi, mzee, hatumwambii mtu." Nikajaribu. Mama, ilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu. Nikitumia ile ya zamani nafika nyumbani kichwa kimechemka, siku moja nilimuuliza mke wangu Evaline, "Sista, mgonjwa amepata choo?" akasema, "Mgonjwa ni wewe." Siku ya miwani nilifika nikala, nikaongea habari za mbolea ya shamba letu la Maposeni mpaka akaniomba ninyamaze. Alhamisi namtoa mfuko wa nyongo mama mmoja wa Mpitimbi, umevimba mara kadhaa na umeshikana vibaya na nyama za jirani, na madaktari wageni wanakuja kujifunza kwangu, nami niliwaahidi skrini ya zamani. Nivae miwani nionekane nimezeeka, au nikaze?

Kidume wa Skrini, Songea

Marahaba, Daktari, na umri wangu uuache hapo hapo.

Kwanza hongera. Ndugu zangu walisafirishwa mbali kwa ugonjwa kama huo, leo wageni wanakuja kwetu kujifunza. Natamba mpaka majirani wamechoka.

Sasa acha utoto. Kukisia kwako ni ufundi ulioutolea jasho, hakuna miwani itakayokunyang'anya. Lakini kichwa kinachokisia kinafanya kazi mbili. Damu ikitoka ghafla kitatakiwa kufanya ya tatu, na wewe utakuwa umeshakimaliza kwa kujionyesha. Evaline akiitwa sista anakujibu. Mama wa Mpitimbi atakuwa amelala.

Vaa miwani. Kabla ya Alhamisi kaa na Nasma kwenye boksi la mazoezi, lile lisilo na mgonjwa ndani, uivae, hata juu ya miwani yako ya kusomea kama unayo, uone kama inakupa kizunguzungu. Ikikupa, tumia uliyoizoea, na umwambie Nasma asimame karibu akupokee ukichoka. Vyovyote iwavyo, ile ya zamani iwe imewashwa pembeni. Wageni waambie mapema, bila kujikuna kipara: "Niliahidi ile, ila mgonjwa huyu anahitaji hii." Hilo nalo ni somo, pengine ndilo kubwa kuliko yote watakayoondoka nayo.

Ijumaa wapitishe wodini wamkute huyo mama ameketi anakunywa uji. Hapo jigambe, Daktari, tena kwa sauti.