Maji ya Kuoga ya Mzee Kondo

Mbagala, Temeke
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Kwa Bibi yangu, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Kabla hujauliza, jibu ni ndiyo: Temeke nzima hakuna jogoo anayethubutu kuwika mpaka mie nikohoe kwanza. Mumeo ni mtu mkubwa huku. Nikipita Rangi Tatu wauza nyanya wanasahau kurudisha chenji. Nikipanda bodaboda, dereva anageuka kunitazama mpaka nasoma dua zote ninazozijua, na unajua ni mbili tu. Kuna mtoto kazaliwa Chamazi kapewa jina langu, na kabla hujaanza maneno yako, mama yake simjui.

Shikamoo, Bibi. Najua salamu ilitakiwa itangulie, ila ni wewe uliyenifundisha kuingia nyumbani kwa watu na kelele. Magoti yanasemaje? Lile jino lako moja lingalipo, au nalo limekuchoka likahama? Mie mwili mzima. Nakula, nalala, shingo imeanza kunenepa kama ya diwani.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii, nikakata kabla hujapokea. Sauti yangu siiamini siku hizi, ndiyo maana nimemwomba kondakta wa basi la Tabora akubebee hii barua. Kisomo cha watu wazima kimekupa macho, unasoma kunipita mie niliyeishia kidato cha pili, kwa hiyo soma mwenyewe. Usimpe mjomba.

Najua habari imeshafika. Mama mdogo kaniandikia kwamba stendi ya Sikonge wanasema nimefukuzwa redioni. Waambie wafunge midomo. Sijafukuzwa, nimesimamishwa. Anayefukuzwa anaondoka na viatu vyake. Mie kikombe changu bado kipo pale, kina jina.

Lakini ngoja nikueleze toka mwanzo, maana stendi hawajui hata nusu.

Unamkumbuka Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, yule Mzaramo, mtani wetu, niliyekwambiaga ana mdomo kama wako? Siku ya kwanza nilipofika getini na begi langu alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mnyamwezi! Umekuja kubeba mizigo ya nani? Pita, mpagazi wangu, chumba kipo, ila usilale mlangoni kama mlivyozoea." Nikamjibu, "Nimekuja kuwafundisha Wazaramo kufanya kazi, nasikia mnachokaga kwa kucheza ngoma." Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajua hapa nimefika. Toka siku hiyo jina langu ni Mpagazi. Nazi zikija kutoka Kimbiji kwa shemeji yake, ya kwanza yangu. Nikiumwa, uji wake. Na matusi, Bibi! Hakuna mtu aliyenitukana kwa upendo vile isipokuwa wewe.

Mumewe, Mzee Kondo, alikuwa mpole, fundi wa majiko ya mkaa. Kila alfajiri akitoka msikitini anasimama uani anakohoa mara mbili, halafu anaita kwa sauti ya kukwaruza, "Mwanahawa! Maji yangu yako wapi?" Na Bi Mwanahawa kutoka ndani, "Yapo baharini, kayafuate!" Huku ndoo ya maji ya moto ameshaiweka mlangoni mwa bafu. Kila siku. Sie wapangaji hatukuwa na haja ya saa.

Redioni nilianza kwa kufagia na kuchemsha chai. Ni redio ndogo, iko juu ya duka la mabati. Siku moja Braza Side, mtangazaji wa asubuhi, akanisikia ngazini navutana kwa utani na mlinzi wetu Mzaramo. Akasema, "Dogo, wewe ulikuwa unafanya nini na fagio?" Akanikalisha kwenye mikrofoni. Kipindi chetu kikawa kila asubuhi namtania Mzaramo, Wazaramo wanapiga simu kunirudishia. Nikiwachapa, wananichapa, tunacheka, watu wanaenda kazini. Nikavimba kichwa. Sikatai.

Halafu Mzee Kondo akafa. Alilala mchana akapitiliza.

Nilifanya kama ulivyonifundisha mtani afanye msibani, Bibi. Nilikwenda kuchimba kaburi. Niliporudi nikavaa kanzu ya marehemu na koti lake la kijivu, nikatembea uani kwa mwendo wake, bega moja chini. Nikakohoa mara mbili. Nikaita, "Mwanahawa! Maji yangu yako wapi?" Wanawake ndani wakapasuka kwa kicheko. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamwona Bi Mwanahawa amejifunika kanga, mabega yanatikisika, na nikasikia sauti yake ikitoka katikati ya kilio: "Yapo baharini, mpagazi we, mvue mume wangu koti!" Alicheka, Bibi. Alilia na alicheka. Shemeji yake wa Kimbiji alinishika mkono akaniambia, "Leo umefanya kazi ya watani." Ningeishia pale ningekuwa mtu.

Siku ya nne nikarudi redioni. Braza Side akasema, "Nimesikia uliwaua kwa kicheko msibani. Hebu tuletee hewani." Sikujiuliza hata mara moja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mikrofoni ikawaka, nikakohoa mara mbili. "Mwanahawa! Maji yangu yako wapi?" Side akaanguka chini kwa kicheko. Simu zikawaka. Nikaona nimepata moto, nikaongeza. Nikasema kwa sauti ileile ya mzee kwamba huku aliko kuna baridi, na anamjua mkewe, wajane wa Kizaramo wanamaliza eda kabla udongo haujakauka, kwa hiyo wachumba wapange foleni nyumba ya kijani, nyuma ya mashine ya kukoboa. Niliielekeza na nyumba, Bibi.

Wanaume wakaanza kupiga. Mmoja yupo Goba huko, hata hamjui, anasema, "Mie niandike wa kwanza." Mwingine anauliza kama bibi harusi anajua kupika samaki. Tukawa tunawapa namba za foleni.

Halafu akapiga yeye. Side akaona jina kwenye simu yangu, akaichomeka hewani haraka, maana kwetu Mzaramo kujibu ndiyo utamu. Wasikilizaji walimsikia akisema, "Maganga." Hakusema Mpagazi. "Maganga, basi, baba." Kisha kimya. Mie mkono wangu ulikuwa kwenye kile kitufe cha kicheko, kile kinachotoa sauti ya watu mia wanacheka. Nikakibonyeza. Laini ikakatika.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kilichofuata ni makelele.

Vijana wa kijiweni wakawa wanapita dirishani kwake wanapiga kelele, "Foleni! Foleni!" Yupo eda, hatoki. Shemeji wa Kimbiji akapanda ngazi za redio na wazee wawili, hawakunitukana hata tusi moja, na hapo ndipo nilipoogopa. Wakapeleka malalamiko. Wakubwa wanaosimamia utangazaji wakatuita mie na meneja. Redio ikapewa onyo, tukaambiwa tuombe radhi hewani siku tatu mfululizo, mie nikae pembeni.

Usidhani nilirudi mtaani kichwa chini. Nilirudi kama shujaa! Kinyozi alikataa hela yangu. "Mpagazi, usiwaogope hao, wanataka kutuziba midomo." Braza Side kila anapokaa anasema nchi ni huru, mdomo haulipiwi leseni, leo wameanza na utani kesho watatukataza kupiga chafya. Mwingine akasema utani ni mila, redio gani itafungiwa kwa mila? Na mie, Bibi, nilikubali. Niliongea pale kinyozini kama wakili. Nikasema wamenionea wivu.

Mama Neema akanikatisha. Huyu ni mpangaji mwenzangu, mwalimu wa msingi, mtu wa Mbeya, haongeagi ovyo. Alikuwa kaja kumchukua mwanawe aliyekuwa ananyolewa. Akasema, "Maganga, huo uhuru wa kusema nakuachia wote, beba. Nionyeshe na uhuru wa Bi Mwanahawa wa kutosikia. Yupo eda. Redio iko kwa mangi dukani, iko kwa bodaboda, iko kwa fundi viatu. Ulitaka akimbilie wapi?"

Kinyozi akasema, "Mwalimu, ni utani tu."

"Utani una watu wawili," akasema. "Yule alikuwa peke yake na nyie mtaa mzima."

Akamshika mwanawe, nusu kichwa hakijanyolewa, akaondoka. Mlangoni akageuka. Akaniambia siku ile asubuhi yeye alikuwa uani anafua. Akamwona Bi Mwanahawa ametoka ndani mbiombio, kanga haijakaa sawa, ana ndoo ya maji ya moto. Akaiweka mlangoni mwa bafu. Akasimama pale. Mama Neema alidhani anataka kuoga, akamsalimia, hakuitika.

 Nikajifanya nimepigiwa simu.

Radhi niliiomba. Niliisoma kwenye karatasi aliyoandika meneja: "kama kuna yeyote aliyekwazika." Yeyote! Kama vile simjui. Kama vile sijawahi kula uji wake.

Unataka kujua adhabu yangu, Bibi? Bi Mwanahawa hakunifukuza nyumbani. Ningemshukuru. Nikipita mbele ya dirisha lake asubuhi nasema shikamoo, anaitika kutoka ndani, "Marahaba, baba. Umeamkaje? Kazi njema." Hivyo tu. Kwa heshima zote. Wiki ya pili nilijaribu, nikasimama nikasema, "Bi Mwanahawa, leo hutanitukana? Mzaramo umechoka?" Akasema, "Hapana, baba. Wewe ni mpangaji wangu, nakuheshimu." Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na viatu. Nazi zimekuja juzi kutoka Kimbiji. Amenitumia moja kwa Mama Neema, imefungwa vizuri kwenye mfuko, kama ya mgeni.

Sasa shida yangu hii hapa. Eda inaisha mwezi ujao. Wazee wa Kimbiji wamesema mambo ya utani hayamalizwi na wakubwa wa redio, yanamalizwa na watani, na kama nina mtu mzima wa kwetu aje akae nao. Mtu mzima wa kwetu ni wewe. Mjomba atazungumza habari za mizinga yake ya nyuki tu. Njoo, Bibi. Panda basi, nitakupokea Magufuli stendi, nitakubeba mgongoni mbele za watu kama mpagazi kweli. Ukae na Bi Mwanahawa mkeka mmoja, umwambie mjukuu wako ni mpumbavu ila si mtu mbaya. Umwambie laini ilikuwa inakatikakatika, hivyo sikumsikia vizuri, nilidhani anajibu utani. Ndivyo nilivyowaambia wakubwa, ndivyo nilivyomwambia meneja, na wote wamekubali. Wewe ukilisema atalikubali.

Nisalimie mjomba wa mizinga, mwambie asali yake huku nawasifia hata wasioiomba. Nisalimie mama mdogo muuza michembe stendi, viazi vyake vile vikavu navitamani, na mumewe fundi cherehani, suruali aliyonishonea bado inanikaba. Mwenye mashine ya kusaga pia, mtani wetu, ambaye tulimzika babake mie na wewe tukimcheka. Na wewe ukae salama na jino lako mpaka nikuone.

Ni mimi mumeo,
Maganga

Bibi, nilishaikunja. Nimeifungua tena kwa sababu ya huyo mwenye mashine ya kusaga. Nimekumbuka siku ile ya kumzika babake. Ulinivuta pembeni ukaniambia mtani akikujibu, endelea. Akinyamaza, mshike mkono ukae naye. Na siwezi kukupandisha basi kutoka Sikonge uje useme uongo wangu kwa mdomo wako, mbele ya mjane, kwenye mkeka.

Laini haikuwa inakatika. Mie ndiye niliyeikata.

Nilikuwa na hedifoni. Side hakuwa nayo, na huko nje watu walisikia mpaka pale kwenye "basi, baba." Mie nilisikia pumzi yake. Nikasikia redio ya mangi ikiingia dirishani kwake. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeniuliza mie peke yangu, "Nilidhani ni yeye. Nimempelekea maji."

Nilimsikia, Bibi, neno kwa neno. Na lilipotoka neno la kwanza tu nilibonyeza kicheko ili wengine wasimsikie.