Swali la Tata Kuhusu Bitutu

Homa Bay,
Jumapili alasiri.

Kwako Tata, baba yangu mzazi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kuwa barua hii inakukuta una nguvu, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi tangu mvua ipungue. Mama naye, je? Mwambie asibebe magunia ya maharagwe kana kwamba dukani hakuna vijana. Mimi ni mzima wa mwili. Huku tunakula samaki, na kesho yake samaki, hadi nimeanza kuota matoke. Barua nimempa Momanyi, kwa kuwa anarudi Migori na mzigo wake wa dagaa wa omena, na kwa sababu yaliyomo siwezi kuyasema kwa simu bila sauti kunikatika.

Masomo yanaendelea vizuri. Najua wazee wenzako kanisani bado wanakuuliza kwa nini binti mwenye digrii amerudi darasani kutafuta cheti, na kuna yule aliyesema tunafundishwa kuwadunga watu sindano kama panya. Mwambie hatudungi mtu. Cheti hiki ni cha waliokwisha kuhitimu, na kinatuandaa kufanya kazi katika tafiti za dawa: namna ya kumweleza mgonjwa utafiti kabla hajakubali, kutunza siri zake, na kuripoti mara moja dawa ikimdhuru. Nakaa chumba kimoja na Irine, msichana wa Rusinga, ambaye hucheka hadi machozi akinisikia kwenye simu nikimwita Mama "baba" kwa Kigusii chetu. Anasema sisi Wakisii tuligawiwa majina ya wazazi kinyumenyume.

Somo lililonigusa zaidi ni la ridhaa, yaani kule kukubali kwa mtu aliyeelewa anachokubali. Mwalimu wetu, Bwana Mwikwabe, Mkuria mwenye sauti kubwa na moyo laini, alitutaka tuigize. Irine akawa mtafiti, mimi nikawa mzazi. Akanieleza kwamba mtoto wangu angewekwa ama kundi la dawa ama kundi la vidonge visivyo na dawa ndani, na kwamba kundi lake lingechaguliwa kwa bahati nasibu. Nilimjibu kwamba mtoto wangu hachezewi kamari. Darasa zima lilicheka, likidhani naigiza vizuri. Mimi nilikuwa nimesikia sauti yako ikitoka mdomoni mwangu, nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Ndivyo ulivyowajibu wale watafiti waliokuja nyumbani kwa ajili ya Bitutu wetu, mdogo wangu. Alikuwa kidato cha pili, ugonjwa wa damu wa selimundu umemtesa tangu utotoni, nao walikuwa na dawa mpya waliyotaka kuifanyia utafiti. Ulipouliza bahati nasibu ni kitu gani, kijana wao mmoja alisema ni kama kurusha sarafu. Kurusha sarafu! Mbele ya mzee wa kanisa ambaye wiki ile ile alikuwa amekaa kuwaonya wavulana waliomaliza karo kwa kubeti. Uliwashukuru, ukawapa chai, ukawaaga. Kisha Bitutu akatutoka Aprili ya mwaka jana. Siku niliyoondoka kuja huku ulinishika mkono pale stendi, ukaniomba nikishasoma nikuambie kama angeishi iwapo ungemruhusu. Ulisema nisikufiche. Tangu hapo hujaniuliza tena, lakini kila ukinipigia na kunyamaza, najua unachongoja.

Jibu nimelipata, kwa kadiri linavyoweza kupatikana. Lakini nimefundishwa kwamba mtu hatwikwi jambo zito kwa kuviziwa, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayekuomba ridhaa. Ninayoandika hapa chini yatakuumiza. Ukitaka kuikunja barua, ikunje. Sitakuuliza kitu, wala heshima yangu kwako haitapungua. Na ukianza kusoma halafu ukabadili nia, una ruhusa ya kuacha.

Kama bado unasoma, basi vaa miwani vizuri. Jumatano iliyopita matokeo ya utafiti ule yalisomwa hadharani hapa Homa Bay, mbele ya familia zilizoshiriki, na darasa letu lilipelekwa kusaidia kupanga watu na kugawa maji ya kunywa. Dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri hivi kwamba hawakungoja utafiti uishe. Januari ya mwaka jana wote waliokuwa wakimeza vidonge vitupu walihamishiwa kwenye dawa yenyewe. Maana yake ni kwamba Bitutu, hata kama angeangukia kundi lile lingine, Aprili ingemkuta akiwa anameza dawa. Nilikuwa nimebeba katoni ya maji. Niliiweka chini nikaikalia.

Kama angeishi, Tata, sijui, na sisemi hivyo ili kukupoza. Waliopata nafuu ni wengi, si wote. Mama mmoja kutoka Karungu alisimama akasema mwanawe alipewa dawa yenyewe tangu mwanzo, na bado alimzika. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifarijika na msiba wake.

Mama nilimpigia jioni hiyo. Aliniomba nikuambie kwamba dawa ilishindwa, ili upate usingizi. Usimgombeze. Amechoka kukusikia ukizungumza peke yako dukani, na anakupenda. Mimi nilikaribia kumtii. Lakini matokeo hayohayo yatasomwa Migori mwezi ujao, na sikutaka uyasikie ukiwa umesimama katikati ya watu. Tena wale waliokuja nyumbani walikupa neno moja bovu, ukaamua kwa neno hilo. Sikutaka na mimi nikupe jingine.

Uliuliza kama baba anayemlinda mtoto wake, ukajibiwa ovyo. Kosa hilo ni la kazi hii ninayojifunza, na linanikasirisha kila nikiingia darasani. Hata nawe nina hasira kidogo, Tata, kwamba hukuuliza swali la pili. Nimejaribu kuiondoa hasira hiyo, haijaondoka. Nakupenda nayo ikiwa humohumo.

Kwenye matanga ya Bitutu hukulia hata kidogo. Ulikuwa ukipanga viti, ukiwakaribisha wageni, ukiuliza kama wapishi wana kuni, na watu wakakusifu kwa ujasiri. Nitakuja Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Usiandae kitu, wala usimwite mchungaji. Tufunge duka mapema, tukae chumbani kwa Bitutu, wewe na Mama na mimi, tumlilie.

Nisalimie shangazi Kemuma na majirani wote wanaoniulizia. Irine anakusalimu pia, ingawa hamjaonana. Mungu akutunze mpaka nifike.

Ni mimi, binti yako aliyebaki,

Nyatichi