Mimi Ulaya Sina Timu

Kabula mjukuu wangu,

Nilisikia ndoo ikigonga mtungi kabla hakujapambazuka, nikajua unanichotea maji. Asante, mama. Umerudi kulala, sikuamshi. Nawahi misa ya kwanza, leo ni zamu yangu kufagia kanisa.

Chai iko kwenye chupa. Michembe ya viazi uliyoiacha jana nimekufungia, ule njiani. Basi la Maswa linaondoka saa nne. Funguo ~~mpe jirani Benedikta~~ weka nyuma ya kinu.

Nilipotoka kumwaga majivu, huyo jirani kanisimamisha anacheka. "Mjukuu wako anaujua mpira! Jana tumepiga kelele mpaka sauti imekauka."

Nikamwambia, "Kabula ni Simba, na mpira nimemfundisha mimi kwa redio. Wewe si Yanga?"

"Hapa nyumbani ni watani," akajibu. "Ulaya sote wawili ni Asenali."

Nikamwaga majivu yangu, nikarudi ndani.

Jana nilinunua betri mpya, nikaweka vigoda viwili karibu na redio. Simba wetu wakacheza, nikawasikiliza peke yangu, huku wewe na yeye mkishangilia Asenali kwenye televisheni yake. Ukarudi umeshiba wali wake. ~~Sikukasirika.~~ Nilikasirika kidogo.

Mimi Ulaya sina timu. Nichagulie moja, uniandikie na majina ya wachezaji, nitayajifunza. Ikibidi iwe Asenali, basi, nitakaa hata na Benedikta. Ila uje tena mwisho wa mwezi, mama, na ufikie kwangu kwanza.

Bibi yako