Uliyehesabu Pumzi Zangu

Mama Neema,

Nimekaa kwenye benchi nyuma ya kibanda changu hapa Kanyenye. Wateja wa chai wameondoka, maharage ya mchana yanachemka taratibu, na nimejipa saa moja nikuandikie. Tangu tukuzike nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo huku nakata vitunguu. Lakini kuna neno moja ambalo kila nikilifikia nalikwepa, nageukia habari za kwaya au za mvua. Labda kalamu itakuwa na ujasiri kuliko ulimi wangu.

Nisamehe, rafiki yangu. Ulisema kweli, nami nikakununia.

Unaikumbuka safari ya Kigwa, kwaya ilipoalikwa na usharika wa kule? Tulishuka kwenye treni tumejaa vumbi na njaa, wenyeji wakatupikia ugali na kuku, nikala kama mtu aliyetoka kulima ekari nzima. Wanawake tulilazwa kwenye darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani, mikeka chini. Mimi niliweka kichwa nikapotea. Wewe ndiye uliyelala pembeni yangu, na wewe ndiye uliyekesha.

Asubuhi tunakunywa chai ukasema mbele ya wote, "Mama Shija, wewe jana umekufa mara nyingi mbele ya macho yangu. Unakoroma, halafu kimya. Nikaanza kuhesabu. Safari moja nilifika ishirini na saba ndipo ukavuta pumzi, kama mtu anayeibuka kwenye maji."

Wenzetu wakacheka. Mmoja akasema hata yeye alidhani treni imerudi. Nami, kwa aibu, nikakujibu neno ambalo nalisikia mpaka leo: "Acha kuniroga kwa mdomo wako."

Uliweka kikombe chini polepole, ukaenda kufunga mkeka wako.

Nilikasirika kwa sababu nilijua. Sijawahi kukwambia hilo. Nilikuwa naamka kichwa kinagonga, koo limekauka, nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikuwa nashtuka nimekabwa, nasema ni jinamizi, nakemea kwa jina la Yesu, nalala tena. Baba Shija alikuwa amehamia chumba cha watoto, anasema kwetu kuna joto. Kilo mia na kumi na nane, Mama Neema! Na kila aliyenisalimu alisema nimenawiri, biashara inanikubali. Nani anakwenda hospitali kwa kunawiri?

Basi tukakaa msimu mzima wa mvua bila kusemeshana. Jumapili tuliimba sauti ya pili, benchi moja, katikati yetu kawekwa Mama Elia kama ukuta. Uliponipa mkono wa amani nilikupa ncha za vidole.

Na hii nayo huijui. Lile kovu la mkono wa kushoto, nililowaambia watu kuwa kuni ziliteleza, si kuni. Nilisinzia. Nilikuwa nimesimama mbele ya karai la mafuta nakaanga sambusa, saa nne asubuhi, jua linawaka, na nikasinzia nimesimama. Kilichoniamsha ni moto kwenye kanga niliyojifunga. Fundi baiskeli wa jirani alinirukia na gunia lililolowa maji. Wakati anazima ule moto nilikufikiria wewe, nikasema nikipona nitakwenda kumwambia. Nikapona, nisiende.

Nilikuja pale tu niliposikia umelazwa hospitali ya Kitete, moyo umepanuka. Nilibeba uji wa ulezi kwenye chupa, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Nikafika, nikakukuta umeegemea mito mitatu, mrija wa oksijeni puani, umekuwa mdogo kama binti. Maneno yote yakanitoka. Ukaniangalia, ukasema, "Umekuja. Kaa." Ulivyosema ni kama vile tuliachana jana. Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nikakumiminia uji, ukanywa vijiko vitatu, ukafumba macho. Nami, mgeni wa mgonjwa, nikalala.

Sijui nililala muda gani. Niliamshwa na nesi ananitikisa mabega. Nilipofumbua macho nilikuona wewe umekaa wima, umeng'oa mrija wa oksijeni puani, unaninyooshea kidole. "Nesi, mimi niache kwanza! Mwangalie huyu. Huyu ndiye anayeacha kupumua."

Wodi nzima ilitugeukia. Nilitaka kukasirika tena, nakiri. Kisha nikauona ule mrija unaning'inia, nawe unahema kwa ajili yangu.

Nesi alipokurudishia mrija nikakuuliza kwa sauti ya chini, "Safari hii umefika ngapi?"

Ukasema, "Niliacha kuhesabu. Niliogopa."

Tulicheka, halafu ukalia, halafu nesi akatufokea wote wawili. Hukuondoa macho kwangu mpaka daktari wa zamu alipokuja, akaniuliza maswali pale pale kandokando ya kitanda chako, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Unakoroma? Unasinzia mchana? Nani amekuona unaacha kupumua? Ulijibu kabla yangu. Akanipima presha, akakunja uso, akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mwanza kupimwa usingizi.

Siku tisa baadaye ulikuwa umeondoka, na mimi sijafunga hata begi. Radhi sikuomba. Nilidhani tuna muda.

Baada ya arobaini yako Baba Shija akaniambia, "Ile barua bado iko kwenye Biblia yako. Unamsubiri nani?" Tukaenda. Walinibandika nyaya kichwani na kifuani, wakaniambia lala. Asubuhi daktari, dada mdogo tu mwenye sauti ya upole, akanionyesha michoro. Pumzi ilikuwa inakatika zaidi ya mara thelathini kwa saa. Alisema koo linajifunga ninapolala, na mafuta ya shingoni yanalibana zaidi. Si jinamizi, wala hajaniroga mtu. Nikalia pale mezani kwake. Akadhani nalilia ugonjwa.

Baba Shija aliuza ng'ombe wawili tukanunua mashine. Inakaa kando ya kitanda, ina mpira unaokuja mpaka kwenye barakoa ya puani, inasukuma hewa ili njia isijifunge. Wiki ya kwanza niliichukia. Niliivua nikiwa usingizini, niliamka na alama usoni kama niliyepigana. Umeme ukikatika ndiyo basi. Lakini wiki ya tatu niliamka siku moja kumekucha, ndege wanalia, nikajiuliza nimesahau nini. Sikuwa nimesahau kitu, ila kichwa hakikuuma. Nilikuwa nimelala, Mama Neema. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikakaa kitandani nikakusalimia kwa sauti, "Mwangaluka, mama!" Baba Shija akaitikia kutoka chumba cha watoto.

Amerudi chumbani kwetu. Anasema mashine inavuma kama kinu cha kusaga cha kijiji cha pili, lakini afadhali kinu kuliko treni.

Daktari alisema mashine pekee haitoshi, uzito lazima upungue. Wewe unanijua. Mpishi anaonja. Nilianza kuandika kwenye daftari la watoto kila ninachoweka mdomoni, na siku ya kwanza karatasi ilijaa kabla ya adhuhuri: kipande cha chapati kuona kama imeiva, kijiko cha pilau, sambusa iliyopasuka, chai yenye sukari, mchuzi, mchuzi tena. Na bado nilikuwa sijala chakula cha mchana! Sasa Baba Shija ananicheka kwamba naonja kwa pua. Ugali nakula kiasi cha ngumi yangu, sahani inajazwa mlenda na nsansa, zile mboga kavu za majani ya kunde za mama yangu nilizokuwa naona ni chakula cha shida. Asali ndiyo imenitesa. Mtu wa Tabora kukataa asali ni kama kukataa ndugu.

Na natembea. Alfajiri nafuata ile barabara ya Kwihara, njia ya misafara ya zamani. Siku ya kwanza sikufika mbali. Nilikaa kwenye jiwe nahema, akapita baba mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama. "Mama, babu zetu walipita hapa na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Wewe umebeba nini?"

Nikamwambia, "Nimebeba mwili wangu, baba."

Akakaza kamba ya gunia lake. "Basi huo ni mzigo. Utue kidogo kidogo." Akasukuma baiskeli yake akaenda zake. Siku hizi nafika Kwihara na kurudi kabla ya wateja wa chai. Neema akija likizo kutoka Urambo, anakofundisha, tunakwenda wote. Ana mwendo wako, wa mtu anayechelewa ibada.

Nisikudanganye kwamba imeshuka kama maji ya mlimani. Miezi miwili mizani iligoma kabisa. Krismasi nikarudisha kilo tatu, na Januari yote nilitembea kwa hasira. Na maneno ya watu! Nilipoanza kukonda wakasema nimeanza dozi ya UKIMWI. Mteja wa siku zote aliacha kula kwangu wiki nzima. Zamani ningejifungia ndani. Safari hii nilimfuata dukani kwake nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nimekonda ili nipumue. Njoo ule." Akaja, ameinamisha kichwa.

Mwezi uliopita mizani ilisoma tisini na tatu. Presha imeshuka. Daktari amesema mashine niendelee nayo mpaka nipimwe tena, huenda siku moja nikaiweka pembeni, huenda nisiiweke. Nimekubali yote mawili. Sijasinzia mbele ya mafuta tangu nianze kuitumia. Na kwaya, Mama Neema! Naweza kushikilia noti mpaka mwisho wa mstari bila kuiba pumzi. Mwalimu wa kwaya aliuliza nani huyo.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu leo. Mzee wetu wa kanisa, yule anayesinzia mahubiri yakianza, Jumapili alikoroma mpaka vijana wakaangua kicheko. Halafu akanyamaza. Nami nikajikuta nahesabu. Nilifika kumi na tisa.

Baada ya ibada nilimvuta mkewe pembeni, nikamweleza yote, pamoja na habari ya kanga yangu kushika moto. Mzee akasikia, akanijia juu. Akasema mwanamke mpika sambusa hawezi kumpima yeye, akanipita bila kunisalimu. Jana jioni nilikwenda kwao tena. Hakunikaribisha kiti, nikaongea nimesimama. Leo asubuhi mkewe amenitumia ujumbe: mzee amekubali, ila kwa shingo upande.

Kesho saa mbili nawapeleka Kitete. Nimeshamwomba Baba Shija afungue kibanda.

Nakuahidi hivi, Mama Neema: nikimwona mtu pumzi inamkatika nitamwambia, na akinuna nitakwenda tena kesho yake. Sitasubiri alazwe, wala sitasubiri nilazwe mimi.

Kwaheri, rafiki yangu. Maharage yanaanza kunukia kuungua. Naenda kuyageuza.

Wako wa benchi la sauti ya pili,
Mama Shija