Umeme wa Kumsikia Dada

Alhamisi, 5 Machi

Dada katoka kwa daktari wa koo, kaja moja kwa moja karakanani kwangu. Kakaa kwenye kiti cha wateja, kavua viatu, kanyamaza. Dada kunyamaza! Nikajua kuna jambo.

Uvimbe wa shingoni lazima utolewe. Operesheni ni Jumanne, tarehe kumi na saba. Daktari kamweleza kwamba mshipa unaoendesha sauti umepita hapohapo, umebanana na uvimbe. Huenda sauti ikabaki ilivyo. Huenda ikakwaruza. Huenda isirudi.

Sasa Dada ni mnadi. Maisha yake yote anauza vitanda na makabati ya watu mnadani, kwa mdomo wake tu, bila kipaza sauti, na aliyesimama nyuma kabisa anasikia. Mtu kama huyo unamwambiaje huenda isirudi?

Nikatoa simu, nikamrekodi palepale, ili sauti yake ibaki. Tukasikiliza pamoja. Akauliza huyo nani, kuku? Akasema kama hicho ndicho kitakachobaki, heri kisibaki kitu. Halafu akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu: na lile lidude lako je?

Lidude langu! Maikrofoni yangu ya valvu. Nimeiunda mwenyewe, ganda la bomba la shaba, na ndani yake valvu — ile taa ya kioo ya redio za zamani. Walioiona wote wameicheka. Mimi najua inachoweza: sauti ya mtu inaipokea na kifua chake. Kasoro yake moja tu, haina umeme wake. Inakula betri ndogo za mraba, nimezifunga mkia kwa kichwa, na zinaishiwa nguvu katikati ya sentensi.

Nikamwambia aje Jumapili ya kabla ya operesheni. Pawa, yaani kifaa cha kuilisha umeme, itakuwa tayari. Nimeahidi kwa sauti kubwa hadi mteja aliyeleta pasi akageuka kunitazama. Sijawahi kutengeneza pawa ya valvu. Hilo sikulisema.

Ijumaa, 6 Machi

Nimechora asubuhi yote. Valvu inataka umeme wa aina mbili: mdogo wa kuipasha moto, na mkubwa wa kuifanyisha kazi. Wote uwe umetulia tuli. Umeme wa ukutani hautulii, unacheza, na uchezaji wake wote maiki inausikia. Ndio ule mvumo wa kwenye spika. Kwa hiyo kazi yenyewe hasa ni kuubembeleza umeme mpaka uache kucheza.

Nilikosa transfoma. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu. Kasema hana. Nikamwambia anayo, imezuia mlango wake. Kaangalia chini, kacheka. Kumbe ya redio kubwa ya zamani, nyaya zake zote nzima! Nikaondoka nayo na mlango ukajifunga nyuma yangu — yeye ndani, mimi nje, wote tunacheka.

Jumamosi, 7 Machi

Mume wangu ni seremala na kila mtu anamwita hivyo, hata mama yake. Hana maneno mengi. Leo kanitengenezea sanduku la pawa. Sikumwomba! Mbao ngumu, pembe zimeshikana bila msumari, limepigwa msasa na polishi hadi najiona uso. Lina tundu la plagi, tundu la fyuzi, na kifuniko kinachoteleza kama droo.

Kasema pawa ya shemeji yake haiwezi kukaa kwenye kopo la biskuti. Basi. Akarudi kwenye randa yake. Nimelishika sanduku muda mrefu. Nampenda mtu huyu, na leo naliandika.

Jumapili, 8 Machi

Nimelehemu kutwa. Kidole kimoja kimeungua, nywele za mbele zinanuka risasi.

Na nimerushwa! Nilichomoa plagi, nikajiona mjanja, nikaingiza mkono. Kumbe kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zimeficha umeme wao. Nikajikuta nimeketi sakafuni, bisibisi iko chini ya kabati. Seremala kaja mbio kuuliza imewaka? Nikamjibu aliyewaka ni mimi.

Kamsimulia Dada kwenye simu. Nilimsikia Dada anacheka simuni, mimi niko chumba cha pili, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha haraka. Nimeongeza rezista ya kunyonya umeme uliobaki kila nikizima. Sirushwi tena na kitu nilichokizaa mwenyewe.

Jumanne, 10 Machi

Imewaka! Valvu imewaka! Kijiwaya chekundu ndani ya kioo, taratibu, kikakolea. Nimepima kwa mita, volti zote ziko pale nilipozitaka. Nimecheza peke yangu katikati ya feni za watu.

Kisha nikavaa hedfoni. Mmmmmmm. Mvumo mtupu, kama friji bovu limeingia kichwani. Ukiongea, unaongea ndani ya friji.

Si kitu. Tumeanza.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeongeza kapasita. Mvumo umepungua. Nimebadili umeme wa kupasha moto, nao nikaunyoosha usicheze. Umepungua tena. Halafu ukagoma. Nimezima friji, nimezima taa zote, nimemfuata jirani nikamsihi azime pampu yake ya maji. Kazima, kasimama ukutani kunichungulia. Mvumo uko palepale, umekaa kitako.

Nimegombana na Seremala kwa sababu ya kijiko. Sikumbuki kijiko kilifanya nini.

Jioni Dada kapita. Leo mnadani sauti imemkatika katikati ya bei, watu wakadhani bei imeshuka, mmoja akaondoka na kitanda kwa bei ya godoro. Anasimulia na kucheka. Mimi sikucheka. Naogopa, ndiyo, naogopa. Nikimsikia anasimulia nahesabu maneno yake kama mchoyo.

Ijumaa, 13 Machi

Nimejua. Nimejua tangu mchana na roho inaniuma.

Nikisogeza kiganja karibu na sanduku, mvumo unabadilika. Ni sanduku! Mbao hazizuii kitu. Nyaya zangu humo ndani ziko uchi, kila kinachopita hewani kinaziingia. Pawa inataka kukaa ndani ya chuma kilichofungwa waya wa ardhini. Kopo la biskuti lingefaa! Kopo!

Na mwenzangu kamwonyesha sanduku kila mteja wake wiki hii. Nilipomwona analifuta vumbi kwa shati lake nikasema ni zuri, zuri sana, sijawahi kuona sanduku zuri hivi. Nikatoka nje.

Jumamosi, 14 Machi

KIMYA!

Seremala alikwenda kupima mlango wa mtu. Nikasema ni sasa. Nikang'oa utumbo wote wa pawa, nikauweka ndani ya sufuria kubwa juu ya kipande cha ubao, nikafunika, nikabana waya wa ardhini kwenye mkono wa sufuria. Hedfoni. Nikawasha.

Kimya. Si kimya cha kitu kilichokufa, kimya cha kitu kinachosikiliza! Nilisikia bomba la bafuni linadondosha. Nilisikia jirani anafagia upande wa pili wa ukuta. Nilisikia kitambaa cha gauni langu mwenyewe nikipumua. Nikapiga kelele, nikajiumiza masikio kwa kelele yangu, nikapiga nyingine!

Halafu nikasikia pumzi ambayo si yangu. Nikageuka. Seremala mlangoni, karudi, futi ya kupimia mkononi. Anaangalia sanduku lake tupu. Anaangalia sufuria.

Nilieleza kila kitu kwa mkupuo, mbao, hewa, chuma, na kwamba sanduku halina kosa, kosa ni la umeme. Kavaa hedfoni, kasikiliza. Kavua. Kachukua sanduku, kaondoka nalo. Nikasema basi, nimemvunja moyo mtu wangu kwa sababu ya sufuria.

Kumbe! Nikaanza kusikia nyundo. Karudi na sanduku lilelile, ndani kalivisha bati kila upande, kona kwa kona, hata kifuniko, na skrubu moja kaiacha ya kufungia waya wangu. Kwa nje huoni chochote. Tukahamisha, tukawasha. Kimya kilekile!

Kasema ningemwambia jana. Nikamuuliza kajuaje kwamba nilijua jana.

"Ulilisifu mno," kasema.

Jumapili, 15 Machi

Niandike yote kabla sijasahau hata neno.

Dada kaja amevaa ile nguo yake ya mnadani, kilemba kimekazwa. Nikamketisha mbele ya maiki. Nikawasha, valvu ikakolea, nikaanza kurekodi, nikampa ishara. Akasema: "Hamjambo. Mimi ni... mimi ni mnadi." Akakwama. Akajaribu tena. Ni sauti ya mtu aliyeitwa ofisini kujieleza! Mara ya tatu akasukuma maiki pembeni. Siwezi kunadi hewa, kasema. Mali iko wapi? Wanunuzi wako wapi? Mnaniwekea bomba la shaba puani mnaniambia niongee, niongee na bomba?

Pawa imenyamaza kabisa, na Dada naye kanyamaza!

Hapo Seremala akainua stuli yake, akaiweka juu ya meza. Akasema atatoa mia.

Dada akamtazama. Kisha akaitazama stuli. Akasimama.

"Mia? Mia, shemeji? Stuli hii imekaliwa na watu wazito na haijawahi kulalamika! Mia mbili nani? Miguu minne, yote yake! Mia mbili yule pale! Mia tatu!"

Akashika kasi! Akauza stuli. Akauza birika lisilo na kifuniko. Akauza feni ya mteja, nikamwambia Dada hiyo si yetu, akasema ndiyo maana bei yake nzuri. Akamuuza Seremala: mume mmoja, amenyooka, hapigi kelele, anakula kinachopikwa. Nikapandisha bei, nikapandisha tena, nikashindana na mimi mwenyewe. Nimemnunua! Seremala kasimama na uso wake uleule, masikio yamemwiva.

Halafu akaweka kiganja shingoni. Hakupunguza sauti.

"Na hiki hapa! Hiki kimekaa kwangu miaka bila kulipa kodi. Nani anakitaka? Sitaki hata senti. Bure! Nasema bure, jamani! Wewe? Wewe?"

Akatuzungushia macho kama anavyozungushia watu mnadani, mmoja mmoja.

"Basi kimekosa mtu. Kiende!"

Akapiga meza. Mshale wa mita uliruka hadi mwisho ukarudi, na maiki haikuipasua sauti!

Nililia na hedfoni masikioni. Alikuwa yeye. Ile sauti yake ya kifuani, na ule mchanga mwembamba chini ya sauti, na jinsi anavyovuta pumzi fupi kabla ya bei kubwa. Yote yamo. Hakuna mvumo hata wa nzi.

Nikamrudishia asikilize. Kafumba macho mpaka mwisho. Tukasubiri.

"Huyo ndiye," kasema.

Kisha kavaa viatu, kasema sasa na wakate.

Jumatatu, 16 Machi

Nimetoa nakala, moja iko kwa Seremala, moja kwangu, moja kaibeba Dada kwenye mkoba wa wodini. Amelazwa tangu mchana. Haruhusiwi kula, na amekasirika kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya kisu.

Mteja kaja kuchukua feni. Nikamwambia imeuzwa. Kidogo azimie, maskini. Nimemtengenezea bila malipo.

Nimeiwasha pawa, nikaiacha iwake tu bila kazi, nikakaa nayo. Imetulia. Mimi ndiye sijatulia.

Jumanne, 17 Machi

Naandika kwenye benchi la wodi. Seremala yuko kando yangu, anapapasa ukingo wa benchi kwa kidole gumba, naona hajapendezwa na kazi ya aliyelitengeneza.

Daktari ametoka zamani kidogo. Uvimbe umetoka wote. Mshipa hadhani kama ameugusa. Hadhani! Nikamuuliza hadhani au anajua, akasema tusubiri aamke, na hata akiamka asijaribu sauti leo, kimya kabisa, ni amri.

Nakala ya Jumapili iko mfukoni mwangu. Ningeweza kuisikiliza. Sitaki. Nimeshindana na ule umeme, nimeutuliza, nimemweka Dada mzima mahali ambapo kisu hakifiki, na najivunia, sitaona haya kusema. Lakini leo nataka huyu aliye nyuma ya mlango, si yule.

Muuguzi ametoka. Uso kaukunja. Kauliza kina nani ni watu wa mgonjwa wa dirishani. Tumeinuka wote wawili, mimi na kalamu bado mkononi. Kasema tuingie tumwambie anyamaze, amekatazwa kusema na hasikii, anamsumbua na mgonjwa wa jirani.

Anasema? Anasema kwa sauti gani? Kauliza mimi ndiye nani, nikamwambia mdogo wake, akasema basi ingia haraka. Mlango kauacha wazi. Kuna kitu nasikia, kiko chini sana, kuna mtu anasukuma kitoroli na siwezi kujua ni Dada au ni magurudumu. Seremala ananivuta mkono.

Nimwambie Dada anyamaze! Mimi!